Geji Inaona Ujazo, Haioni Joto

Kwa miaka mingi pikapu ya dizeli iliyopita barabara ya Bagamoyo ilikuwa na mfuniko mmoja tu wa kujali. Unaingia sheli Tegeta au Bunju, unajaza, unaondoka na mzigo wako. Sasa zinaingia pikapu zenye mfuniko wa pili, mara nyingi wa buluu, na kwenye deshibodi kuna geji ambayo wengi wanaoziendesha hawakufundishwa kuisoma.

Hilux iliporudi kuuzwa Japani Septemba 2017, baada ya kukosekana sokoni huko tangu 2004, ilikuja na injini ya dizeli ya lita 2.4 pamoja na mfumo huu wa kusafisha moshi kwa AdBlue. Prado za dizeli za lita 2.8 zilizouzwa Japani kuanzia 2015 nazo zinao. Navara na Ranger nyingi za miaka ya karibuni zilizotumika Uingereza ni vivyo hivyo. Magari hayo yamefikia umri wa kuuzwa nje, na kwa kuwa usukani uko kulia, hayana kipingamizi cha kushuka bandari ya Dar es Salaam. Lakini Hilux iliyoletwa mpya kwa ajili ya soko la Afrika kwa kawaida haina mfumo huo. Ndiyo maana majirani wawili wa Kerege wanaweza kuwa na magari yanayofanana kwa sura, mmoja akawa ananunua AdBlue na mwingine hajawahi kuisikia.

AdBlue ni jina la biashara linalomilikiwa na VDA, chama cha viwanda vya magari cha Ujerumani. Ndani ya dumu kuna urea safi asilimia 32.5, na kilichobaki, asilimia 67.5, ni maji yaliyoondolewa madini. Haichanganywi na dizeli, na ule uvumi wa vijiweni kwamba ni mkojo wa mnyama hauna ukweli: urea hiyo hutengenezwa kiwandani kwa amonia na kaboni dayoksaidi.

Kazi yake iko kwenye bomba la moshi. Joto kali ndani ya silinda za dizeli huunganisha nitrojeni na oksijeni za hewa, zikazaliwa oksidi za nitrojeni. Hizo huchoma mapafu, humsumbua mwenye pumu, na zikipigwa na jua husaidia kutengeneza ozoni huku chini tunakopumulia. Kompyuta ya gari hupulizia AdBlue kidogo kidogo kwenye eksozi, joto la moshi linaigeuza kuwa amonia, na amonia ikikutana na oksidi zile juu ya kichocheo, kinachotoka nje ni nitrojeni na mvuke wa maji. Moshi wenyewe unakuwa umeoshwa kabla haujamfikia mtoto anayesubiri kuvuka barabara pale Mapinga.

Sasa tuje kwenye geji. Wengi huisoma kama wanavyosoma geji ya dizeli, na hapo ndipo wanapopotea. Mshale wa dizeli unashuka taratibu, unauona. Geji ya AdBlue katika magari mengi haina mshale kabisa. Baadhi zina vipande vichache vya mwanga, baadhi huandika kilomita zilizobaki, na baadhi hunyamaza mpaka kiwango kishuke chini ya kipimo alichokichagua mtengenezaji. Tangi lenyewe ni dogo, kati ya lita 10 na 20 katika pikapu nyingi. Chukua tangi la lita 17 na geji ya vipande vitano: kila kipande ni zaidi ya lita tatu. Kwa matumizi ya kawaida lita tatu zinakupeleka karibu kilomita 1,000. Kwa hiyo kipande kinaweza kukaa palepale wiki nzima, kisha kikatoweka asubuhi moja unapowasha gari, na mwenye gari akaenda kwa fundi kulalamika kwamba tangi linavuja.

Hesabu hiyo inafaa kuijua kwa kichwa. Pikapu hutumia AdBlue kiasi cha asilimia mbili hadi tatu hivi ya dizeli yake, na ikibeba mzigo mzito au kuvuta tela inazidi hapo. Gari linalokunywa lita 10 za dizeli kwa kilomita 100, kwa asilimia tatu, linatumia AdBlue theluthi ya lita au pungufu kidogo. Kwenda Bagamoyo kutoka Dar es Salaam na kurudi, tuseme kilomita 140, ni chini ya nusu lita. Mimi naamini kila mwenye pikapu ya aina hii anapaswa kuandika kwenye daftari kilomita na lita kila anapojaza, maana daftari hilo litamwambia ukweli mapema kuliko deshibodi.

Kwa nini deshibodi inachelewa? Kwanza, kimiminika kinayumba njiani, na kompyuta husubiri kitulie ndipo iamini kipimo. Pili, ukiongeza lita moja au mbili huenda isione chochote. Magari mengi yanataka lita kadhaa kwa mkupuo mmoja, na mengine yanataka swichi iwashwe kwa muda bila kuwasha injini, ndipo hesabu mpya ianze. Kiasi hicho kimeandikwa kwenye kitabu cha gari. Kitabu cha gari la Japani ni cha Kijapani, na hapo simu inayotafsiri maandishi kwa kamera ni msaada wa kweli. Usikitupe kitabu hicho.

Tatu, na hili ndilo linalowachanganya madereva wa njia hii, matumizi hayafuati kilomita peke yake. AdBlue haipuliziwi mpaka moshi upate joto, kwa kawaida kama nyuzi 200 hivi. Ukikaa kwenye foleni kutoka Mwenge mpaka Tegeta, bomba limepoa na pampu inapumzika. Siku nyingine unapakia mananasi Kiwangwa, injini inavuta kwa nguvu kutwa nzima, moshi ni wa moto na kompyuta inamwaga AdBlue kwa kasi. Namba ya kilomita zilizobaki inakadiriwa kwa matumizi ya karibuni, kwa hiyo baada ya wiki ya foleni inakuwa na matumaini kupita kiasi. Ukitoka na mzigo, namba inashuka kilomita 300 wakati wewe umeendesha 200. Gari halijaharibika. Limesahihisha makadirio yake.

Onyo likianza, lichukue kwa uzito. Katika magari ya Volkswagen, kwa mfano, taarifa ya kwanza huja zikiwa zimebaki kilomita 2,400 na inayofuata kwenye 1,000. Ikifika sifuri, injini haizimiki ikiwa inatembea, lakini ukishaizima haiwaki tena. Pikapu kubwa za Marekani zimepangwa tofauti: hupunguziwa mwendo hatua kwa hatua mpaka zinatambaa. Agosti 2025 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa mwongozo wa kulegeza adhabu hizo baada ya malalamiko ya wakulima na madereva wa malori, lakini gari lililokwishashuka meli hapa linabaki na programu lililokuja nayo. Anayetoka Bagamoyo kupitia Makurunge kuelekea Saadani na Pangani asiondoke na onyo linalowaka. Huko mbele asitegemee kukuta AdBlue, na kuzima injini ili kununua samaki kunaweza kuwa mwisho wa safari.

Hadi hapa nimezungumzia wingi. Kinachonitia wasiwasi zaidi kwa pwani yetu ni ubora, kwa sababu geji nyingi zinapima kina cha kimiminika tangini na hazina namna ya kujua kimekaa juani kwa muda gani.

Maandiko mengi kuhusu AdBlue yanatoka nchi za baridi, na yanahofia kuganda, kwa kuwa huganda ikifika nyuzi 11 chini ya sifuri. Sisi hilo halituhusu. Linalotuhusu liko kwenye jedwali la kiwango cha kimataifa cha ISO 22241, linaloonesha muda wa kuhifadhi kulingana na joto. Ikihifadhiwa kwa nyuzi zisizozidi 25, AdBlue inadumu miezi 18. Kwa nyuzi 30, miezi 12. Kwa nyuzi 35, miezi sita tu, na zaidi ya hapo kila shehena inapaswa kupimwa kabla ya kutumika. Kuanzia Desemba mpaka Machi, mchana wa Bagamoyo unacheza kwenye nyuzi 31 na 32 kivulini. Ndani ya stoo ya bati, au nyuma ya pikapu iliyoegeshwa juani, joto ni kubwa zaidi. Urea inavunjika polepole kuwa amonia, na mfuniko ukilegea maji yanakauka, kimiminika kinakuwa kizito na kuacha chembe nyeupe kwenye nozeli. Dumu lililosafiri miezi kadhaa kwenye kontena, likakaa dukani, kisha likazungushwa kwenye gari, linaweza kuwa limekwisha muda wake huku mhuri haujaguswa.

Ndiyo maana nasisitiza: angalia tarehe ya kutengenezwa kabla ya bei. Nunua ya kutumia miezi miwili au mitatu, weka ndani ya nyumba mahali penye kivuli, usiweke akiba ya mwaka. Hofu ya kukosa naielewa. Mwishoni mwa 2021, China ilipobana usafirishaji wa urea, malori ya Korea Kusini yalikaribia kusimama, na Novemba mwaka huo nchi hiyo ikatuma ndege ya jeshi Australia kuchukua lita 27,000. Lakini mtu wa pwani akijaza stoo kwa hofu hiyo, joto litamlia akiba yake.

Kuna njia ya mkato ambayo inaua magari, nayo ni ya kuchanganya mwenyewe. Urea ya mbolea ipo kila duka la pembejeo, mfuko wa kilo 50, na maji yapo kisimani. Kwa macho, mchanganyiko unafanana kabisa na wa dukani. Lakini mbolea ina uchafu uitwao biureti ambao mara nyingi unakaribia asilimia moja, wakati kiwango cha AdBlue hakiruhusu zaidi ya asilimia 0.3. Punje zake pia mara nyingi hupakwa kemikali ili zisigandamane. Na maji ndiyo balaa kubwa. Kiwango kinaruhusu sodiamu isiyozidi nusu miligramu kwa kilo. Visima vingi vya ukanda huu vina ukali wa chumvi. Mji wa Bagamoyo, wenye mashamba ya chumvi pembezoni mwake, hauhitaji kuelezwa hilo. Maji ambayo ulimi umeanza kuyaonja chumvi yana sodiamu ya takribani miligramu 200 kwa lita, yaani mara 400 ya kinachoruhusiwa. Chumvi hizo haziungui wala hazipeperuki. Zinabaki kwenye nozeli na juu ya kichocheo mpaka kinakufa, na kichocheo kipya kinaweza kuzidi uwezo wa mwenye pikapu ya kubebea saruji.

Kuongeza maji matupu ili geji ipande hakusaidii pia. Baada ya kichocheo kuna sensa inayonusa moshi. Ikiona oksidi hazipungui, kompyuta huanza kuhesabu kilomita za adhabu hata kama tangi limejaa, na hapo kujaza zaidi hakuondoi onyo. Tangi linamwagwa lote na kusafishwa. Gereji yenye rifraktomita inaweza kupima tone moja na kukuambia kama asilimia 32.5 bado ipo. Kifaa hicho ni kidogo, kinatosha mfukoni, na natamani kila gereji ya Bunju mpaka Bagamoyo mjini iwe nacho.

Wapo mafundi wanaotoa mfumo mzima au kufunga kifaa kinachoidanganya kompyuta kwamba kila kitu ni salama. Naelewa mtu anavyofika huko: pampu imekufa, ya kuagiza ni ghali, na gari ndilo linalolisha watoto. Hata hivyo siwezi kuliunga mkono jambo hilo. Kampuni ya Volkswagen yenyewe ilifanya udanganyifu wa namna hiyo. Ilipofichuliwa Septemba 2015 ilibainika kwamba baadhi ya magari yake yalipulizia urea pungufu nje ya maabara, na gharama imelipwa kwa mabilioni. Huku kwetu gharama inalipwa na mapafu ya wauza madafu na bodaboda wanaokaa barabarani kutwa. Tangu Januari 2015 dizeli ya Afrika Mashariki imewekewa kikomo cha salfa cha sehemu 50 kwa milioni, kwa hiyo kisingizio cha zamani kwamba mafuta yetu hayafai kwa mifumo hii kimepungua nguvu sana.

Anayekwenda yadi kununua pikapu ya namna hii afungue ule mfuniko wa buluu kabla ya kufungua boneti. Unga mweupe kidogo mdomoni mwa tangi ni kawaida, unafutwa kwa kitambaa cha maji. Magamba manene au harufu ya dizeli humo ndani ni sababu ya kuondoka, maana dizeli ikiingia kwenye tangi la AdBlue huharibu mipira na pampu. Aombe kuwasha swichi na kuangalia geji inaonesha nini, kisha aandike namba hiyo pamoja na kilomita za gari. Akishalinunua, aifuatilie. Pikapu iliyotembea kilomita 3,000 inapaswa kuwa imetumia lita sita hadi tisa hivi. Kama geji bado inasema tangi limejaa, na hakuna aliyeongeza kitu, basi huenda mfumo umekwishakatwa na mtu fulani kabla yake, na arudi kwa aliyemuuzia akiwa na daftari lake mkononi.