Je, Wajua? Ufa wa Kivu Unafika Hadi Malawi

Wengi wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na mtaa wa Kawale, Lilongwe, waliotoka Kivu wanaikumbuka Jumapili ya Februari 3, 2008, tetemeko lilipoipiga Bukavu na kuangusha makanisa ng'ambo ya mpaka, Rwanda, waumini wakiwa ndani. Je, wajua kwamba Bonde la Ufa linalopita Ziwa Kivu ndilo linaloshuka hadi Ziwa Malawi?

Machi 10, 1989, tetemeko la ukubwa wa 6.3 liliathiri Salima, Dedza na Mchinji, si mbali na Lilongwe. Watu 9 walikufa. Wapatao 50,000 walikosa makazi.

Desemba 2009 ikawa zamu ya Karonga, kaskazini, na huko watoa misaada walipata kazi ngumu kweli. Ardhi haikutikisika mara moja ikatulia. Ilianza tarehe 6, na pigo kubwa kuliko yote likaja tarehe 19, kuta zikiwa zimeshapata nyufa. Nani angethubutu kurudi ndani? Maelfu walilala nje na kwenye mahema, masika yakiwa yameanza.

Kilichoziangusha nyumba huko hasa ni kuta za tofali zilizoshikwa kwa udongo mtupu, bila lenta. Lenta inayozunguka nyumba nzima hufunga kuta nne zisiachane, na kwa maoni yangu fundi anayeifunga leo anaokoa wengi kuliko hema la kesho. Hilo linaihusu Dzaleka pia: kambi hiyo iliyokusudiwa watu kama 10,000 sasa ina zaidi ya 50,000, wengi wao katika nyumba za tofali za udongo.