Ndugu yako akikamatwa na maafisa wa uhamiaji: la kufanya

Simu inaita usiku. Ndugu yako ameshushwa kwenye matatu karibu na Lunga Lunga, hana kitambulisho, na sasa yuko kituoni. Ufanye nini?

Kwanza, uliza yuko kituo gani na uandike nambari ya OB. Bila nambari hiyo utazungushwa.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya kinamlinda kila aliyekamatwa, awe Mkenya au mgeni. Ana haki:

- kuelezwa sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa;
- kunyamaza;
- kuwasiliana na wakili au mtu mwingine wa kumsaidia;
- kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha mahakama ikiwa imefungwa, atapelekwa siku ya mahakama inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni anaweza kulala ndani hadi Jumatatu.

Kama ni Mkenya, peleka kitambulisho au cheti chake cha kuzaliwa, nawe ubaki na nakala. Kama ni mgeni, peleka pasipoti. Anaweza pia kuomba ubalozi wake uarifiwe. Mkimbizi apelekewe kadi yake ya ukimbizi.

Bondi ya polisi hailipiwi. Ukilipa dhamana ya pesa taslimu, usiondoke bila risiti.

Mahakamani ndipo wengi huumia. Mtu amechoka, anaambiwa, "Kubali tu, uende nyumbani." Asikubali jambo ambalo si kweli au asilolielewa. Kosa la kuwa nchini kinyume cha sheria lina faini isiyozidi shilingi 500,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili, na mgeni anaweza kufukuzwa nchini. Kama haelewi lugha ya mahakama, aombe mkalimani, hamlipi yeye. Asiye na uwezo wa kuweka wakili aulizie Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016.

Usingoje simu hiyo ya usiku. Leo hii, piga picha stakabadhi za kila mtu wa nyumbani na uzihifadhi kwenye simu yako. Kisha kila mmoja akariri kwa kichwa nambari ya ndugu mmoja, kwa sababu kituoni simu huchukuliwa.