Hesabu za Kikundi: Hatua Nzuri Hupunguza Kazi na Maneno



Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku hizi vikundi vingi tunavyotembelea vina daftari, tena mengine yameandikwa vizuri sana. Shida iliyobaki ni ya kukagua. Mwaka unaisha, kitabu kimejaa, na siku ya kugawana hesabu inakataa: kitabu kinasema pesa nyingi kuliko zile zilizoko. Hapo watu wanaanza kumwangalia mweka hazina kwa jicho lingine. Tumeona vikundi vikilegea bila mtu yeyote kuiba hata shilingi. Vililegea kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha kosa liko wapi kabla maneno hayajaenea kijijini.

Katika toleo hili tunaeleza jambo ambalo vijana wanaosomea kompyuta hufundishwa mapema, nalo linaweza kutusaidia hata sisi wenye kalamu na karatasi tu.

Algoridhimu ni nini?

Neno ni kubwa lakini maana yake ni rahisi. Algoridhimu ni hatua zilizopangwa, moja baada ya nyingine, za kutatua tatizo fulani, kiasi kwamba yeyote anayezifuata atafika kwenye jibu lilelile. Neno lenyewe limetokana na jina la mtu, Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Aliandika kitabu kuhusu kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi, ndizo zilizozaa hizi tunazotumia leo. Kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini, jina lake likageuka kuwa jina la njia yenyewe ya kuhesabu.

Mwenye kuandika programu za kompyuta hashughuliki na jibu peke yake. Anajiuliza pia: njia hii itachukua hatua ngapi? Tatizo moja linaweza kuwa na njia ya hatua elfu themanini na njia nyingine ya hatua elfu mbili, na zote mbili zikatoa jibu sahihi. Hebu tuone kwa mifano yetu wenyewe.

Malipo yaliyoandikwa mara mbili

Tuchukue kikundi cha watu 40 wanaotuma mchango kwa M-Pesa kila wiki. Kwa wiki 10 kuna malipo 400. Kila malipo yana namba yake, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, jumla 10. Katibu akinakili ujumbe mmoja mara mbili, kitabu kitaonyesha pesa ambazo hazikuingia. Je, utaipataje namba iliyorudiwa?

Njia inayokuja haraka akilini ni kuchukua namba ya kwanza na kuilinganisha na zingine zote, halafu ya pili, halafu ya tatu, hadi mwisho. Ukipiga hesabu, ni 400 mara 399, gawa kwa 2, yaani mara 79,800. Hakuna kamati itakayomaliza kazi hiyo. Watachoka, wataruka mistari, na mwishowe watasema tu ati "hesabu haieleweki".

Sasa jaribuni hivi:

1. Andikeni kila namba kwenye kipande chake cha karatasi, pamoja na jina, tarehe na ukurasa wa kitabu.
2. Msitazame herufi ya kwanza. Namba za siku zinazokaribiana mara nyingi huanza na herufi zilezile, kwa hiyo zote zitalundikana mahali pamoja. Tazameni alama ya mwisho.
3. Wekeni mafungu mezani: zote zinazoishia na A fungu moja, B fungu lingine, hadi Z, kisha 0 hadi 9. Ni mafungu 36.
4. Ndani ya kila fungu, linganisheni karatasi na karatasi.

Namba mbili zinazofanana kabisa haziwezi kuwa katika mafungu tofauti, kwa hiyo hakuna haja ya kulinganisha fungu na fungu. Zikigawanyika karibu sawasawa, kila fungu litakuwa na karatasi kama 11, na 11 zikilinganishwa zote ni mara 55 tu. Kwa mafungu 36 ni kama mara 1,980. Kutoka 79,800 mpaka chini ya 2,000! Tena watu sita wanaweza kugawana mafungu sita sita, na kazi ikaisha kabla chai haijapoa.

Fungu moja likiwa kubwa sana, ligawanyeni tena kwa alama iliyo kabla ya mwisho. Waandishi wa programu hutumia wazo hilihili la kutenga mafungu wanapotafuta maneno au namba zilizorudiwa katika orodha ndefu.

Tofauti inayogawanyika kwa 9

Kosa lingine la kawaida ni kugeuza nafasi za tarakimu. Mtu amelipa shilingi 5,460, mkono ukaandika 5,640. Tarakimu ni zilezile, macho yanapita bila kuona.

Hapa kuna njia ambayo wahasibu wameitumia tangu zamani. Toa pesa zilizoko kwenye jumla ya kitabu, upate tofauti. Jumlisha tarakimu za tofauti hiyo. Zikifika 9, au namba inayogawanyika kwa 9, basi tofauti yenyewe inagawanyika kwa 9, na jambo la kwanza la kushuku ni tarakimu zilizogeuzwa. Katika mfano wetu tofauti ni 180. Moja na nane ni 9. Haya, twende tukatafute.

Kwa nini 9? Tarakimu ikisogea nafasi moja, thamani yake hubadilika kwa 9, au 90, au 900 mara ile tarakimu. Ile 4 ilikuwa katika mamia, yaani 400. Ikahamia makumi ikawa 40. Imepungua 360, ambayo ni 4 mara 90. Ile 6 ilikuwa 60 ikawa 600, imeongezeka 540, yaani 6 mara 90. Ukitoa 360 kwenye 540 unabaki na 180. Kwa vyovyote 9 haikosi.

Tofauti hiyo inaeleza zaidi. Gawa 180 kwa 90, unapata 2. Maana yake, ikiwa mamia na makumi ndiyo yaliyogeuzwa, tarakimu hizo mbili zinatofautiana kwa 2. Basi katika kitabu tafuteni maandiko ambayo mamia yanazidi makumi kwa 2, kama vile 6 na 4, 5 na 3, 9 na 7. Badala ya kusoma mistari 400, mtasoma michache, na kila mmoja mtaulinganisha na risiti au ujumbe wake wa simu.

Lakini tuwe waangalifu. Kipimo hiki kinaonyesha pa kuanzia, hakitoi hukumu. Mtu akichukua shilingi 900 kwa siri, tofauti pia itagawanyika kwa 9. Kinachomaliza shauri ni kuupata mstari wenyewe na risiti yake. Vilevile tofauti isiyogawanyika kwa 9 haimaanishi wizi. Huenda malipo yamesahauliwa au yameandikwa mara mbili.

Kutafuta jina katika orodha ndefu

Muungano wa vikundi unaweza kuwa na wanachama 1,000. Majina yakiandikwa kwa jinsi watu walivyojiunga, kutafuta jina moja kunaweza kumaanisha kusoma yote 1,000. Yapangeni kwa alfabeti, kisha fungueni katikati. Kama jina unalotafuta liko mbele ya hapo, acha nusu ya nyuma kabisa. Fungua katikati ya nusu iliyobaki, uache nusu tena. Majina 1,000 yanabaki 500, kisha 250, kisha 125, na kuendelea. Hata jina likiwa limejificha namna gani, hutatazama zaidi ya mara 10. Orodha ikiwa ya watu milioni moja, ni mara 20 tu.

Kugawa bila kubakisha

Kikundi kimepata mahindi kilo 252 na maharagwe kilo 180. Ni familia nyingi kiasi gani zinaweza kupewa mafungu yaliyo sawa kabisa, kwa kilo nzima, bila kitu kubaki? Kubahatisha kutawachosha. Njia iliyoelezwa na Euclid, Mgiriki aliyeishi miaka kama 300 kabla ya Kristo, ni kutoa ndogo kwenye kubwa na kurudia mpaka namba mbili zilingane.

252 toa 180 ni 72.
180 toa 72 ni 108.
108 toa 72 ni 36.
72 toa 36 ni 36.

Zimelingana. Jibu ni familia 36, kila moja kilo 7 za mahindi na kilo 5 za maharagwe. Kutoa mara nne tu, na mtu aliyeishia darasa la nne anaweza.

Je, kompyuta haimalizi yote haya?

Wengine watasema, siku hizi kuna simu na kompyuta, ya nini kusumbuka? Kompyuta ni ya haraka kweli, lakini hufuata hatua ilizopewa, nzuri au mbaya. Tuseme tuna namba za malipo 100,000, na mashine inayolinganisha mara milioni moja kwa sekunde. Ikilinganisha kila moja na kila nyingine, ni karibu mara bilioni 5. Itachukua zaidi ya saa moja na dakika 20. Ikizipanga kwanza kwa alfabeti kwa njia nzuri, inahitaji kulinganisha kama mara milioni 1.7, kisha inatazama majirani tu, kwa kuwa zinazofanana zitakuwa zimekaa pamoja. Hiyo ni sekunde kama mbili. Mashine ni ileile, namba ni zilezile. Kilichobadilika ni hatua.

Kwa hiyo kijana wenu akija na programu ya hesabu za kikundi, msiogope kumuuliza: inafuata hatua gani, na sisi tutahakikishaje? Akishindwa kuwaeleza kwa maneno ya kawaida, msikabidhi kitabu bado.

Faida kubwa ya njia hizi ni kwamba hazimtegemei mtu mmoja. Mwanachama yeyote akizifuata atapata jibu lilelile, awe mwenyekiti au aliyejiunga jana. Hapo mweka hazina analindwa dhidi ya maneno, na pesa za kikundi zinalindwa dhidi ya uzembe na ujanja.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Mara ya mwisho hesabu ilipokataa, tulitafuta kosa au tulitafuta mtu?
2. Ni watu wangapi kati yetu wanaoweza kukagua kitabu bila katibu kuwepo?
3. Chukueni ukurasa mmoja wa daftari. Mmoja ageuze tarakimu mbili zilizo jirani katika nakala yake, kwa siri. Wengine watafute kosa kwa kipimo cha 9. Mlitumia dakika ngapi?
4. Tutakagua kila baada ya muda gani, badala ya kungoja mwisho wa mwaka?