Bwana Msa Azua Mjadala Kibera na Kawangware

Leo naomba mniwie radhi, kwani sitazungumza juu ya mashairi. Nitazungumza juu ya kitabu kimoja kikuukuu, kisicho jalada wala mwisho, ambacho kwa muda wa miezi mitatu kimezunguka baina ya Kibera na Kawangware kama mgeni asiye na haraka ya kurudi kwao. Kitabu chenyewe ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja.

Nilikiona katika soko la Toi, lile lililoteketea katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kisha wenyewe wakalisimamisha tena. Kilikuwa chini ya mguu wa meza ya viatu vya mitumba, kimewekwa ili meza isiyumbe. Muuzaji alitaka shilingi 50. Akaniuliza mwanangu yuko kidato cha ngapi. Nilipomwambia kuwa nakitaka mwenyewe, alinitazama kwa huruma, akatafuta kipande cha mbao cha kuweka mahali pake.

Nilipofika nyumbani ndipo nilipogundua kuwa kurasa za mwisho zimechanika, yaani zile ambamo muuaji hutajwa.

BWANA MSA NI NANI?

Kwa vijana wasiomjua mwandishi huyu, alizaliwa Makunduchi mwaka 1918, akafanya kazi katika idara ya afya, na mwaka 1948 akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Baadaye alihariri gazeti la wakulima lililoitwa Mkulima. Hadithi hii ndiyo iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya kuandika hadithi za Kiswahili ya 1957/58, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, nayo ikapigwa chapa mwaka 1960. Baada yake vikaja Kisima cha Giningi mwaka 1968, Duniani Kuna Watu mwaka 1973, na vinginevyo hata kufikia Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Mwandishi alifariki mwaka 1991, Mungu amrehemu.

Katika vitabu hivi mpelelezi ni Bwana Msa, mtu wa kiko na maneno, ambaye si askari wala si mkubwa wa serikali. Sahibu yake ni Najum, na aliyepita chuoni atasikia harufu ya nyota katika jina hilo. Serikali inawakilishwa na Inspekta Seif. Wataalamu wamemlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes wa Arthur Conan Doyle, aliyetokea vitabuni mara ya kwanza mwaka 1887, na ulinganisho huo una haki. Lakini Bwana Msa hakuvaa nguo za kuazima. Ukimsikiliza utadhani uko barazani Unguja, buli la kahawa linapita na kila mtu ana lake la kusema.

Bwana Ali ameuawa, na maiti yake imeonekana penye mzimu. Hilo ni jambo zito. Hata hivyo msomaji hatishwi na damu, bali huchekeshwa na mabishano, akapewa fumbo alifumbue pamoja na wenye kufumbua. Waingereza wana wingi wa hadithi za namna hii, na Agatha Christie, aliyeanza kuchapishwa mwaka 1920, alizifanya zisomwe dunia nzima. Kwetu, waliokuja nyuma walipenda kishindo zaidi. Elvis Musiba alimleta Willy Gamba na bastola yake. Bwana Msa silaha yake ni kuuliza.

Mimi nilikisoma kitabu hiki nikiwa kijana huko pwani, na jina la muuaji nalikumbuka. Basi nikaweka sharti: atakayesoma nakala yangu mpaka ilipokatikia, akanipa maoni yake bila kunificha, nitamwambia nani kamwua Bwana Ali. Hivyo nikawa tajiri wa mali moja tu, jina la muuaji.

KIBERA YASEMA

Msomaji wa kwanza alikuwa fundi cherehani wa Makina, mzee wa Kinubi, ambaye babu yake alikuwa askari wa King's African Rifles, miongoni mwa wale waliopewa msitu huu wakauita Kibra kwa lugha yao. Alikisoma kwa siku nne, miwani puani na futi shingoni.

"Sheikh," akaniambia, "lugha hii tamu. Mtu anatukanwa na bado anashukuru. Nimecheka mpaka mteja akadhani nacheka suruali yake." Lakini alikuwa na lawama. Hakupenda jinsi wenye kuamini mizimu walivyofanyiwa mzaha. "Mimi ni Mwislamu, mzimu siuabudu. Lakini mahali pa wazee pana heshima yake. Mwandishi huyu angetucheka taratibu." Kisha, bila kuombwa, akakishonea kitabu jalada la kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule.

Wa pili alikuwa binti aliyemaliza kidato cha nne. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mzee, mtihani ni lini?" Tusimcheke. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa, na kwa vijana wengi riwaya ni kitu cha kuandikia insha: dhamira, wahusika, tamathali za usemi. Nilimwambia hakuna mtihani, asome tu. Alirudi baada ya wiki moja akaniambia kuwa ilimchukua kurasa 20 kuacha kutafuta dhamira. "Halafu nikaanza kucheka, nikaona aibu, nikajiuliza kama inaruhusiwa."

Wa tatu, kijana wa bodaboda, hakupendezwa. "Huyu buda anaongea sana," akasema. "Mtu ameuawa, yeye anawasha kiko. Hapa kwetu kabla kiko hakijashika moto mshukiwa ameshatoroka mpaka Kampala." Akanitajia mtu aliyemdhania, nikamwambia siye. Akasema basi mwandishi amekosea. Nilimpa jina kwa mujibu wa sharti, akaondoka akinung'unika kuwa ushahidi hautoshi.

KAWANGWARE YAJIBU

Kutoka hapo kitabu kikapanda matatu mpaka Dagoretti Corner, kikashika njia ya Naivasha Road, kikaingia Kawangware. Huko kilitua kwa kinyozi mmoja karibu na mwisho wa matatu za nambari 46. Huyu hakukisoma peke yake. Kila alasiri alikuwa akiwasomea wateja sura moja, mashine ya kunyoa imezimwa. Nilipokwenda kumwona nilikuta benchi imejaa watu ambao nywele zao, kwa macho yangu, zilikuwa zimenyolewa juzi.

Hapo palikuwa na mabishano makali. Bwana mmoja wa kutoka Kakamega alisema Kiswahili hiki ni cha watu waliokaa kivulini, na kwamba kila ukurasa una neno moja la kumwangusha mtu wa bara. Mwenzake akamjibu kuwa hata supu ina mfupa, na hakuna aliyeacha supu kwa ajili hiyo. Mwingine alimtetea Inspekta Seif, akisema kila mara askari wa vitabuni huonyeshwa yuko nyuma ya raia mwenye akili, na kwamba hilo ni tusi kwa watu wanaokesha. Benchi nzima ikacheka, naye akaonekana kuumia. Baadaye kinyozi alininong'oneza kuwa yule bwana ni mlinzi wa usiku. Waliwekeana dau la chai na mandazi juu ya muuaji, wakanitaka niamue. Kati ya watu tisa, wawili tu walipata.

Mkosoaji mkali kuliko wote alikuwa mwalimu wa madrasa, sahibu yangu wa miaka mingi. "Wewe mtu wa chuo," akanikemea, "unaenezaje hadithi za kuua watu kwa vicheko?"

Nilimkumbusha kuwa sura ndefu kuliko zote katika Msahafu, yenye aya 286, imepata jina lake kwa ng'ombe aliyechinjwa, na kwamba kisa cha ng'ombe huyo kimeungana na kisa cha mtu aliyeuawa, watu wakawa wanasukumiana lawama mpaka Mwenyezi Mungu akayatoa nje waliyokuwa wakiyaficha. Nikamkumbusha pia kanzu ya Nabii Yusufu. Ikiwa imechanika mbele, mwanamke kasema kweli, na ikiwa imechanika nyuma, Yusufu kasema kweli. Huo ni upelelezi gani kuliko huo?

"Yale ni mazingatio," akanijibu, "haya ni porojo." Kisha akakichukua kitabu ili akikague. Alikaa nacho siku tisa. Alipokirudisha hakutoa maoni, ila aliuliza, kama mtu asiyejali, hivyo nani kamwua.

MAMA WA MAHARAGWE

Ningeishia hapo, na makala haya yangekuwa ya kuburudisha tu. Lakini kitabu kilirudi Kibera, na yule binti wa kidato cha nne akakipeleka kwa mama mmoja wa Laini Saba anayeuza maharagwe na chapati karibu na reli. Macho ya mama huyo hayaoni vizuri usiku, kwa hiyo binti ndiye aliyekuwa akimsomea.

Nilimkuta akipanga makaa. Nikamwuliza kama hadithi ilimpendeza.

"Ilinipendeza, baba. Nilicheka. Tangu wakati ule nilikuwa sijacheka na jambo la mtu kuuawa."

Hakueleza wakati ule ni upi, na Kibera hakuna haja ya kueleza. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133 katika machafuko yale yaliyofuata uchaguzi. Mmoja alikuwa mwanawe.

Nilitaka kumlipa haki yake kama wengine. Nikamwambia, "Mama, sasa nitakwambia jina la muuaji."

Akatikisa kichwa. "Jina si kitu. Mimi jina la aliyemwua mwanangu nalijua. Mtaa mzima unalijua. Akipita hapa namwuzia chapati. Ninachotaka kujua ni huyu Bwana Msa alipopata ukweli aliusema vipi. Aliusema mbele ya watu, ama alinong'ona? Na aliposema, hawakumchomea nyumba?"

Nilianza kucheka, maana niliona ni swali la kuchekesha kumwuliza mtu wa kitabuni. Kisha nikaona yeye hacheki.

Nikatafuta jibu kichwani, nisilipate. Miaka yote hii nimelihifadhi jina la muuaji, na jinsi lilivyotamkwa nimeisahau. Nikamwambia kweli, kwamba sikumbuki. Akasema, "Basi tafuta, baba. Ukipata njoo unisomee," akaendelea na makaa yake.

KUJUA NA KUSEMA

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiyafikiri maneno hayo. Sisi tunaoandika juu ya vitabu tumezoea kusema kuwa hadithi ya upelelezi ni fumbo, na kwamba utamu wake ni kujua nani kafanya. Hayo ni ya kitabuni, ambako hakuna ajuaye mpaka Bwana Msa aje. Mitaani kwetu aghalabu mambo ni kinyume. Kila mtu anajua, na tunayemkosa ni wa kusema. Ndiyo maana mama yule hakushangazwa na akili ya Bwana Msa. Alichokitafuta kitabuni ni ujasiri wake.

Wala sisemi haya nikiwa nimekaa juu ya mnara. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa, katika mji wetu wa pwani, mlinzi mmoja alikutwa amekufa nyuma ya ghala. Sisi vijana wa barazani tulijua ni nani aliyepita njia ile usiku. Tulikwenda mazikoni, tukasoma hitima, tukala pilau, tukanyamaza. Sura ile ile ya ng'ombe, kuelekea mwisho wake, inakataza kuficha ushahidi, na inasema kuwa mwenye kuuficha moyo wake una dhambi. Nilikuwa nimeihifadhi tangu nina miaka kumi na miwili. Tangu usiku ule nimetunga mashairi mengi juu ya uadilifu, na mlinzi yule hayumo hata katika ubeti mmoja.

Alhasili, ndugu wasomaji, maoni ya Kibera na Kawangware ni hayo. Wengi wamekipenda kitabu, wachache wamekichoka, na mmoja amenishinda. Wanaosema kuwa kucheka penye kifo ni kukosa adabu, nawaomba wamfikirie mama wa maharagwe, ambaye kicheko kilimfungua mdomo akauliza jambo ambalo kilio hakikumwezesha kuuliza. Na wenye mashine za kupiga chapa wajue kuwa wasomaji wapo, tena wanasoma bila ya mtihani. Kinachowapungukia ni vitabu vya bei ya mfuko wao, si hamu ya kusoma.

Sasa nina ombi moja. Nimepita maduka mawili ya vitabu mjini na nyumba za marafiki watatu, sijapata nakala iliyo kamili. Ikiwa wewe unayo Mzimu wa Watu wa Kale yenye kurasa zake za mwisho, tafadhali mjulishe mhariri wa ukurasa huu. Sihitaji kupewa. Niazimwe kwa usiku mmoja tu, nitairudisha ikiwa imeshonewa jalada la kaki. Yuko mama mmoja Laini Saba ananisubiri nikamsomee.