Mke wa Askari Asiachwe Peke Yake

Akina mama wenzetu, askari polisi tumezoea kumwona kazini: anasimamisha magari katika barabara ya Mombo hadi Lushoto, au analinda gulio. Ni mara chache tunajiuliza anarudi nyumbani na hali gani, na nani anampokea.

Gari likitumbukia bondeni katika milima yetu ya Usambara, askari ni miongoni mwa wanaotoa maiti. Wakati mwingine hatari humwelekea yeye mwenyewe. Tarehe 13 Aprili 2017, askari 8 waliuawa kwa risasi huko Kibiti, mkoani Pwani. Wenzao waliobaki walirudi kazini, na mioyo yao ilirudi nyumbani na hofu.

Sisi wauguzi tunajua dalili za moyo ulioumia: kushtuka usingizini, ndoto za kutisha, hasira za ghafla, kukaa kimya, na kukimbilia pombe. Mama wa nyumbani huweza kudhani mumewe amerogwa au amepata mwanamke mwingine. Dalili hizo zikizidi mwezi mmoja, aende hospitali. Huo ni ugonjwa, nao una matibabu. Katika milima yetu ipo hospitali ya Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na ambayo baadaye ikawa ya wagonjwa wa akili. Kutibiwa huko si aibu.

Nyumbani, tumwache alale baada ya zamu ya usiku. Tusimhoji kama mshitakiwa. Akianza kusema, tumsikilize hadi mwisho. Akitamka kwamba anataka kujiua, asiachwe peke yake hata kidogo. Mkuu wake aarifiwe mara moja ili silaha iwekwe mbali, naye apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini kuvumilia ugonjwa si kuvumilia kipigo. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto, ila tunaelewa ugumu wa mama kumshitaki mumewe mbele ya wenzake. Mama huyo anaweza kuanzia hospitali au kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya.

Na sisi majirani je? Uhamisho humleta mama kutoka Mtwara au Mwanza mwezi wa saba, wakati wa baridi kali, hana blanketi la kutosha, hajui Kisambaa, na watoto hawajapata shule. Tumpelekee kuni na mboga. Tumwonyeshe kliniki, soko na shule, na tumkaribishe katika vikundi vyetu. Na askari akifariki, tusiishie matangani. Tumsindikize mjane mahakamani kufungua mirathi, na tangu leo tumkumbushe kila mama kutunza cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Mwezi huu, kila kikundi kichague familia moja katika kota za polisi, kikaipigie hodi.