Posho tamu, chumba je?

Anayewinda ufadhili wa uzamili huanza na swali lilelile: wanatoa shilingi ngapi kwa mwezi? Mimi huuliza kwanza chumba analipa nani.

Tazama Ujerumani na China. Serikali ya Ujerumani, kupitia shirika lake la ufadhili DAAD, humpa mwanafunzi wa uzamili euro 992 kwa mwezi. Ya China hutoa yuan 3,000, ambazo hazifikii hata nusu ya hizo euro. Kwa haraka utasema Ujerumani imeshinda. Lakini yuan zile huja na kitanda cha bweni bila malipo, ilhali euro zinakuachia mwenye nyumba. Ukipangiwa München, chumba kinaweza kumeza euro 700, zikabaki 292 za chakula, simu na koti la baridi. Ukipangiwa Leipzig, utapumua.

Tiketi nayo ipigie hesabu. DAAD huchangia safari. China, ukiomba kupitia chuo moja kwa moja, nauli kwa kawaida ni yako. Halafu kuna fomu ya afya ya China: eksirei ya kifua, vipimo vya damu, kipimo cha moyo, vyote kwa hela yako, na hapo hata jibu la maombi hujapata. Picha hubandikwa kwenye fomu, kisha mhuri wa hospitali upite nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi. Ukisahau huo mhuri, rudi kwenye foleni.

Japani hulipa ada, ndege ya kwenda na kurudi, na yen 144,000 kwa mwezi, ila kodi ya nyumba unaitoa humohumo.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ndiyo inayosumbua mfuko kidogo kuliko zote: ada, viza, tiketi, posho. Masharti yake ndiyo bei. Wanataka uwe na uzoefu wa saa 2,800 za kazi, kozi ni ya mwaka 1, na ukimaliza urudi kwenu kwa angalau miaka 2. Mke, mume au watoto hawamo kwenye hesabu yao.

Mtumishi mwenye ruhusa ya masomo na kiti kinachomsubiri ofisini, ningemwambia aombe Chevening. Sharti la kurudi kwake si mzigo. Kijana asiye na akiba wala familia ningempeleka China, mradi nauli ameshaiweka kando.