Nasaba ya Vimelea vya Malaria

Anapopatikana mgonjwa wa malaria Unguja au Pemba, swali mojawapo la kwanza aulizwalo ni hili: je, umesafiri karibuni? Akijibu kuwa alikuwa Tanga au Dar es Salaam, wengi wetu hutua roho. Maradhi, twasema, yametoka bara. Sisi hatuna lawama. Akijibu kuwa hakutoka kisiwani, twadhani amesahau. Kwa miaka mingi hatukuwa na shahidi mwingine ila maneno ya mgonjwa. Sasa yupo, naye ni kimelea chenyewe.

Kila kimelea cha malaria hubeba maandishi ya urithi wake, yapata herufi milioni 23 zilizopangwa katika kromosomu 14. Mwaka 2002 wataalamu walitangaza kuwa wameyasoma. Siku hizi tone la damu lililokaushwa juu ya karatasi laweza kutosha kwa kazi hiyo. Vimelea huzaana tumboni mwa mbu, na vya koo mbalimbali vinapokutana humo, maandishi yao huchanganywa upya. Kwa hiyo wagonjwa wawili wakikutwa na vimelea vyenye sehemu ndefu zinazofanana, ni dhahiri kuwa nasaba ya vimelea hivyo ni ya karibu, na njia ya maambukizo baina yao ni fupi.

Sampuli zilizokusanywa baina ya 2016 na 2018 hapa visiwani na katika pwani ya bara zimekwisha kuchunguzwa kwa njia hii. Matokeo yake yana mambo mawili. La kwanza, vimelea vya pande zote mbili ni jamaa, bahari haikuvitenga. La pili, hapa hapa visiwani vimeonekana vimelea vilivyokaribiana mno kwa nasaba, hasa vya watu wanaoishi karibu. Maana yake ni kwamba msafiri huleta ugonjwa, lakini mbu wetu wenyewe huueneza.

Basi tusijifiche nyuma ya msafiri. Tangu kuanza kutumika kwa dawa za mseto mwaka 2003, zikifuatiwa na vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani, maambukizo yalishuka hadi chini ya asilimia 1. Lakini wazee wetu wanakumbuka kwamba kampeni iliyoanza mwaka 1957 nayo ilifanikiwa sana, ikasimamishwa mwaka 1968, na maradhi yakarudi kwa nguvu. Ushindi ulioachwa bila ya mlinzi si ushindi.

Kuna hatari nyingine inayotaka macho haya mapya. Mabadiliko ya jeni yanayodhoofisha nguvu ya dawa za artemisinini yamekwisha kuonekana Rwanda, Uganda na Kagera. Darubini ya kawaida haiwezi kuyatambua. Ni usomaji wa jeni tu uwezao kutuonya kabla wagonjwa hawajaanza kukosa nafuu.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika serikalini wauone uchunguzi huu kuwa ni kazi ya kila siku ya afya, wala si jambo la watafiti peke yao. Sampuli zikusanywe kwa utaratibu, vijana wetu wafundishwe kuzisoma na kuzifasiri, na majibu yafike wilayani na kwa masheha mapema. Jibu lijalo baada ya miaka mitano ni historia. Halimsaidii afisa anayetaka kujua leo apeleke wapi dawa ya kupulizia. Tena siri ya mgonjwa ihifadhiwe, na mgeni au mvuvi wa dago asinyooshewe kidole.

Kwa wananchi wenzetu twasema hivi: kusoma maandishi ya kimelea hakuui mbu hata mmoja. Chandua kitandani, madimbwi yaliyofukiwa na kwenda kupimwa mapema homa inapoanza vinabaki kuwa wajibu wetu. Elimu hii mpya itatuonyesha adui yuko wapi. Kumtoa ni kazi yetu sote.